Mwenye Miwani Ni Nani? Picha za Ukutani Zilizoifundisha Lubumbashi Historia Yake

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa porini Shilatembo, kilomita zipatazo 50 kutoka katikati ya Lubumbashi. Tarehe 16 na 17 Januari ni sikukuu mbili zinazofuatana nchini Kongo, ya kwanza kwa Laurent-Désiré Kabila na ya pili kwa Lumumba, na kama kawaida huwa kuna mashada ya maua, misa na hotuba ndefu. Lakini anayetaka kujua jinsi wakazi wa mitaa ya Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi mjini Lubumbashi walivyomfahamu Lumumba asianzie kwenye hotuba. Aanzie kwenye saloni za nyumba za kawaida, kwenye picha zilizochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga na kutundikwa juu ya kiti cha mgeni.

Katika miaka ya 1960 na 1970 picha hizo zilikuwa kila mahali katika miji ya migodi ya mkoa wa Katanga. Wachoraji wenyewe waliziita ukumbusho, na kazi yake ilikuwa kuanzisha mazungumzo zaidi ya kupamba ukuta. Mgeni akishaketi na kupewa maji, macho yake yatapanda ukutani tu. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopata mwanya wa kuuliza: huyu njo nani? Mgeni anatazama miwani, ndevu za kidevuni, nywele zilizotengwa kwa mstari, kamba mikononi, na anataja jina. Akishalitaja, itambidi aeleze amejuaje, na akianza kueleza jioni yote itakwisha kwenye historia.

Wanaopenda mashindano ya kumtambua mtu maarufu kwa kupewa dondoo za maisha yake watauona mchezo huo hapo. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo. Aliuza bia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alikuwa waziri mkuu kuanzia mwisho wa Juni 1960 hadi mwanzo wa Septemba mwaka uleule. Alikufa akiwa na umri wa miaka 35. Ni nani? Tofauti ni kwamba Lubumbashi haikujifunza mchezo huu kwenye redio wala shuleni. Ilikuwa nao tangu zamani, na ilipofika zamu ya wachoraji ukawa mchezo wenye hatari ndani yake.

Makala haya yanategemea sana kazi za watu wawili. Wa kwanza ni Johannes Fabian, Mjerumani msomi wa anthropolojia aliyefundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wa pili ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1947, ambaye bila yeye kitabu kikubwa cha Fabian kisingekuwepo. Kitabu hicho, Remembering the Present, kilichapishwa Marekani mwaka 1996. Ndani yake mna picha 101 za Tshibumba zinazosimulia historia ya nchi, na mazungumzo ya watu hao wawili yaliyofanyika kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Kabla ya gunia la unga kulikuwa na ubao. Kaskazini mwa Katanga, katika nchi ya Waluba, chama cha watunza kumbukumbu kilichoitwa Mbudye kilitumia kibao cha mbao kiitwacho lukasa. Ni kibao kinachotosha mkononi, kimepigiliwa shanga na kuchorwa alama. Msimulizi alikishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akapapasa shanga moja baada ya nyingine huku akisimulia au kuimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa safari au njia ya uhamaji. Rangi nayo ilisema jambo.

Wasikilizaji hawakuhitaji kutajiwa majina mapema. Mtu mwekundu, mlevi, mkatili, anayekula hadharani mbele ya watu, ambaye roho yake ni upinde wa mvua: huyo ni Nkongolo Mwamba. Mgeni kutoka mashariki, mwindaji mwenye upinde, mweusi anayeng'aa, asiyekubali kuonekana akila: huyo ni Mbidi Kiluwe. Kijana aliyealikwa kucheza ngoma juu ya mkeka uliofunika shimo la mikuki, akaokolewa na mpiga ngoma aliyemtonya kwa midundo: huyo ni Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi, aliyekuja kumshinda mjomba wake Nkongolo na kutawala. Wanahistoria wamebishana sana kama watu hawa waliishi kweli au ni mfano wa aina mbili za utawala. Waluba walijua kwamba jibu lolote utakalochagua, lazima kwanza uwatambue kwa tabia zao.

Wakoloni nao hawakusalimika. Watu waliwabatiza kwa majina ya utani yaliyobeba wasifu mzima, na Stanley, mvunja mawe, alibaki Bula Matari hadi jina likahamia kwa serikali yenyewe. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville kama ilivyoonekana kutoka jikoni kwa wazungu. Maandishi hayo yaliyopigwa taipureta yanajulikana kwa jina la Vocabulaire, na Fabian ndiye aliyeyachapisha mwaka 1990. Ukiyasoma utaona kwamba boi aliyemhudumia bwana mkubwa mezani alimjua kuliko gazeti la bwana huyo lilivyomjua.

Uchoraji wa kisasa ulifika kwa njia nyingine. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake Élisabethville, maarufu kwa jina la Hangar, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki wao, ndege wao na nyoka wao walisifiwa Ulaya. Watu wenye majina hawakuwemo. Hao walikuja baada ya uhuru, pale vijana waliojifundisha wenyewe, kina Burozi, B. Ilunga, Kalema na wengine wengi, walipoanza kuuza kwa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, wa reli na wa maduka, si kwa wazungu.

Kutengeneza picha kulianzia sokoni. Mchoraji alinunua gunia tupu la unga, akalifumua mishono, akalifua, akalikaza kwenye fremu ya vijiti na kulipaka rangi ya chini ili vitundu vizibe. Rangi zenyewe mara nyingi zilikuwa zilezile za kupaka nyumba au mabango. Ikishakauka, aliibeba kwapani na kutembea nyumba kwa nyumba. Mteja alijua anachotaka: mambo ya mababu, mambo ya zamani au mambo ya leo. Kulikuwa na Mamba Muntu, nguva mwenye nywele ndefu anayeleta utajiri na balaa. Kulikuwa na Waarabu wakiswaga watumwa. Na kulikuwa na Colonie Belge, iliyouzwa kuliko karibu zote.

Tuitazame Colonie Belge kwa karibu. Uani mwa gereza kuna bendera ya buluu yenye nyota ya njano. Mfungwa amelazwa kifudifudi chini, suruali imeshushwa, damu inatoka. Askari mweusi amenyanyua fimbo. Pembeni amesimama Mzungu wa utawala, kofia kichwani, ametulia kabisa. Wafungwa wengine wenye nguo za mistari wanafanya kazi bila kugeuka, na wanawake wamekuja na chakula cha waume zao. Juu au chini imeandikwa miaka: 1885 hadi 1959.

Hakuna uso hata mmoja hapo wenye jina, na ndiyo maana picha ilipendwa. Fabian na mwenzake Ilona Szombati-Fabian, waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichunguza picha hizi kwa makini, waliona kwamba watu wa miaka ya 1970 hawakuinunua kwa sababu ya Wabelgiji tu. Bendera ilikuwa imebadilika, Mzungu ameondoka, lakini askari mwenye fimbo alikuwa bado barabarani. Mgeni aliyeulizwa huyu ni nani angeweza kujibu kwa kunyamaza. Picha iliyoandikwa mwaka 1959 haikuweza kumfunga mtu kwa kosa la mwaka 1974.

Ni katika hali hiyo ambapo, mwishoni mwa mwaka 1973, Tshibumba alibisha hodi nyumbani kwa Fabian akiwa na picha za kuuza. Fabian alinunua, kisha akauliza kila picha inahusu nini. Majibu yalikuwa marefu kuliko alivyotarajia. Kijana huyu wa miaka 26 alisema kwamba ana historia yote ya Zaire kichwani na angependa kuichora toka mwanzo hadi mwisho, endapo atapatikana mtu wa kununua. Makubaliano yakafanyika. Kwa miezi kadhaa hadi mwaka 1974 Tshibumba alikuja na mafungu ya picha, wakaziweka sakafuni, wakawasha kinasa sauti, na mchoraji akasimulia moja baada ya nyingine.

Mfululizo huo unaanza kabla ya Wazungu na kufika Wareno kwenye mlango wa mto Kongo. Unapita kwa Livingstone na Stanley, kwa mfalme Msiri, kwa chifu Lumpungu wa Wasongye aliyenyongwa na Wabelgiji mwaka 1936, kwa wagomaji wa Union Minière waliopigwa risasi uwanjani Élisabethville Desemba 1941, hadi uhuru, kujitenga kwa Katanga, vita vya Umoja wa Mataifa na utawala wa Mobutu. Hauishii mwaka 1974. Picha za mwisho zinaingia kwenye ndoto na wakati ujao. Kila moja ina maelezo mafupi kwa Kifaransa chenye tahajia ya mchoraji mwenyewe, na sahihi: Tshibumba K.M.

Tshibumba hakujiita msanii tu. Alisisitiza kwamba yeye ni mwanahistoria, na kwamba wengine huandika ilhali yeye huchora. Dai hilo ndilo lililozua ugomvi ambao haujaisha mpaka leo, na kitovu chake ni Lumumba.

Chukua picha yake ya hotuba ya tarehe 4 Januari 1959. Lumumba amesimama mbele ya umati, na watu wanafyatuliwa risasi kwa ajili ya uhuru. Mwalimu yeyote wa historia atainua kidole. Ghasia za Léopoldville siku ile zilianza baada ya mkutano wa Abako, chama cha Joseph Kasavubu, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, kuzuiwa. Hotuba kubwa ya Lumumba aliporudi kutoka Accra ilikuwa tarehe 28 Desemba 1958, wiki moja kabla. Mchoraji ameunganisha siku mbili kuwa moja na kumweka shujaa wake mahali ambapo vitabu havimweki. Fabian mwenyewe, katika kitabu chake, anachambua kwa uangalifu mahali ambapo masimulizi ya Tshibumba yanapishana na nyaraka.

Basi ni kosa? Kwa mtihani wa shule, ndiyo. Lakini anayemtazama Tshibumba kama karani aliyekosea tarehe hajamwelewa. Mchoraji hapangi kalenda. Anatoa dondoo za kumtambulisha mtu, na dondoo aliyoiona kuu katika maisha ya Lumumba ni hii: alisema hadharani, na watu wakafa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa. Kasavubu anaweza kutambuliwa kwa mambo mengine. Ubishi huu kati ya wasomi na mafundi wa gunia umeendelea tangu wakati ule, na mimi nasimama upande wa gunia kwa sharti moja: kwamba tarehe sahihi nayo iandikwe pembeni.

Picha iliyoleta maneno zaidi ni ile ya kifo. Tuweke kwanza yaliyotokea Élisabethville mchoraji alipokuwa kijana wa miaka 13. Alasiri ya tarehe 17 Januari 1961 ndege ya DC-4 ilitua uwanja wa Luano ikiwa na wafungwa watatu waliokuwa wamepigwa njia nzima. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden waliona wakishushwa na kuingizwa kwenye gari. Walipelekwa nyumba ya Brouwez, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga wakapita hapo. Usiku uleule wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Mji haukuambiwa neno. Takribani wiki nne baadaye, tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga na mjukuu wa Msiri, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kijiji hakukitaja. Na kwa watakaoishuku serikali yake, aliwataka walete ushahidi.

Ushahidi wa karatasi ulichukua miaka. Kitabu cha Ludo De Witte kilitoka mwaka 1999, bunge la Ubelgiji likamaliza uchunguzi wake mwaka 2001, na mwaka uliofuata serikali ya Ubelgiji ikaomba radhi. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, alikuwa tayari amekiri kwamba alishiriki kufukua miili hiyo na kuiyeyusha kwa asidi, akabaki na meno. Tshibumba alikuwa amechora miaka ishirini na zaidi kabla ya hayo yote.

Katika picha hiyo miili mitatu imelala juu ya ardhi. Lumumba yuko mbele, na ubavuni ana jeraha linalotoa damu. Nyuma, juu ya kilima, imesimama misalaba mitatu. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa hata mara moja anaijua misalaba hiyo ni ya wapi, na jeraha la ubavuni ni la nani. Fabian alipomuuliza, Tshibumba hakuficha: alimwona Lumumba kama Bwana Yesu wa nchi yake. Picha nyingine, ya kushushwa kwa wafungwa pale Luano, aliipa jina la Kalvari ya Afrika.

Wapo wanaoona hilo ni kufuru, na wapo wanaoona ni kutia chumvi. Mimi naona ni ujasiri uliopimwa vizuri. Mwaka 1966 Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa, kwa hiyo kumchora hakukuwa kosa. Kilichokuwa hatari ni kuuliza nani alimkabidhi kwa maadui zake. Sasa mweke mgeni mbele ya picha hiyo, saloni ya Katuba, mwaka 1974. Ametambua nani amelala chini. Ametambua Kalvari. Hadithi ya Kalvari haikamiliki bila Yuda, wala bila Pilato anayenawa mikono, na hao hawamo pichani. Mchoraji ameacha nafasi zao wazi, kila mtu azijaze kimoyomoyo. Majina yaliyokuwa yakijazwa hapo yalikuwa ya watu waliokuwa hai na wenye madaraka.

Tena mkazi wa Katanga alikuwa na jambo lake la kuona. Bendera ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, mfano wa ile iliyotumika zamani kama fedha. Misalaba mitatu, watu watatu waliouawa, misalaba mitatu ya Golgotha. Sidai kwamba Tshibumba alikusudia yote hayo. Nasema tu kwamba macho ya Élisabethville yaliizoea bendera hiyo kwa miaka miwili na nusu, kutoka Julai 1960 hadi Januari 1963, na macho hayasahau haraka.

Tshombe mwenyewe ni fumbo rahisi. Mtoto wa mfanyabiashara tajiri, alitaniwa kwa jina la mashine ya kuwekea pesa, alikuwa rais wa nchi isiyotambuliwa na yeyote, kisha waziri mkuu wa nchi aliyotaka kuitoroka, ndege yake ikatekwa, akafia Algeria mwaka 1969. Nabii Simon Kimbangu anatatanisha wageni zaidi, kwa sababu wengi humweka Kongo ya Chini na kumwacha huko. Alihubiri na kuponya miezi michache ya mwaka 1921, akahukumiwa kifo, mfalme wa Ubelgiji akabadilisha adhabu, akasafirishwa hadi upande wa pili wa nchi. Alikaa gerezani miaka 30 na kufa tarehe 12 Oktoba 1951. Gereza lilikuwa hapa, Élisabethville. Ukimuuliza kijana wa leo ni nabii gani alikufa mfungwa katika mji wake, kuna uwezekano mkubwa atakutajia mchungaji fulani wa televisheni.

Na Msiri? Huyu anastahili makala yake. Ngelengwa Mwenda, mtoto wa Unyamwezi aliyefuata biashara ya shaba na pembe, akajenga ufalme Bunkeya, akawapokea wamisionari na kuwakatalia bendera. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa risasi papo hapo na mtu wa Msiri. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Wayeke, watu wake, wanasimulia kwamba kilichukuliwa ndani ya debe na kwamba kila aliyekibeba alipatwa na mauti. Stairs, Mkanada aliyeongoza msafara, alikufa kwa malaria huko Chinde, Juni 1892, kabla hajafika kwao. Kichwa hakijaonekana hadi leo, na kila serikali mpya hukumbushwa. Wachoraji waliipenda sana habari hii, maana hakuna dondoo iliyo wazi kuliko mfalme asiye na kichwa.

Kilichofuata baada ya miaka ya 1970 kinasimuliwa kwa muda mfupi kwa sababu kilikwisha kwa muda mfupi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, na waliomtafuta hawakumpata. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ikaanguka nao, mishahara iliyonunua picha ikakoma. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Katanga, na wengi wa wachoraji na wanunuzi walikuwa miongoni mwao au ndugu zao. Waliobaki waliuza vitanda, sembuse picha. Mwaka huohuo, tarehe 28 Mei, Munongo alifariki ghafla mjini Kinshasa siku aliyotarajiwa kuzungumza kwenye Mkutano wa Kitaifa kuhusu kifo cha Lumumba. Televisheni na kalenda za makanisa zikachukua ukuta.

Picha zenyewe zilikuwa zimeshaondoka. Zile 101 za Fabian ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Mkusanyo mkubwa wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyefundisha Zaire kabla ya kuhamia Kanada, uko Tervuren, Ubelgiji. New York ilifanya maonyesho ya Lumumba katika picha hizi mwaka 1999. Brussels ilifanya yake mwaka 2016, na mmoja wa walioyaandaa alikuwa Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi. Hapa nyumbani, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi ya kuheshimiwa katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wakikusanya masimulizi ya wafanyakazi na vitu vya nyumbani. Jumba la makumbusho la mji lipo. Lakini mtoto wa Kamalondo anayetaka kuiona historia ya nchi yake kama ilivyochorwa na jirani wa babu yake lazima apate viza.

Mwezi Juni 2022 jino la Lumumba lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Ilikuwa haki. Serikali iliyoweza kudai jino inaweza kudai picha pia, au angalau nakala zake nzuri, jambo ambalo halihitaji kesi wala tume. Mazungumzo ya Tshibumba kwa Kiswahili chetu yamekwisha kunakiliwa na kuwekwa kwenye intaneti na watafiti wa Amsterdam. Hakuna kinachomzuia mwalimu wa Lubumbashi kuyachapa na kuwasomea wanafunzi.

Mtihani wa taifa humtaka mwanafunzi ataje tarehe, naye huikariri na kuisahau. Saloni ilimtaka amtambue mtu, aeleze amejuaje, na asimame imara mgeni mwingine akimbishia. Jumba la makumbusho la Lubumbashi likitundika nakala 20 tu za picha hizo bila majina chini yake, na kuwaachia wanafunzi wa Katuba na Ruashi wabishane mbele yake, litakuwa limefundisha historia zaidi ya hotuba zote za Januari. Gharama yake haifiki ya mahema na viti vya wageni waheshimiwa.